Cheti Changu cha Ng'ambo: Siku Niliyomsahihishia Bi Muhuri Barua

Ndugu msomaji, kama ulikuwa nami Jumapili iliyopita, unajua uliniacha mezani kwangu na barua ya Idara ya Ajira za Walimu mkononi, hasira zimenijaa mpaka machozi yamegoma kutoka.

Kama hukuwepo, sogea nikueleze kwa kifupi. Mimi ni mwalimu wa darasa la nne. Ualimu nilisomea jimbo la ng'ambo ya mto, nikaolewa upande huu, na tangu hapo ni mwaka wa saba naitwa mwalimu wa muda. Kila Januari Idara hunipa barua ya mwaka mmoja. Sasa shule yetu imepata nafasi moja ya kudumu, na mwisho wa kuijaza ni Ijumaa saa sita mchana. Akiipata mwingine, mimi nafungasha.

Niliomba. Wakanikatalia kwa sababu cheti changu si cha jimbo hili, na "hakionyeshi kuwa mwombaji amewahi kusimama mbele ya darasa."

Miaka saba nasimama mbele ya watoto hamsini na wawili, kwa barua zao wenyewe! Barua zote saba, na hii ya nane ya kunikataa, zina sahihi ya mtu mmoja. Walimu wa wilaya nzima wanamwita Bi Muhuri, ila si mbele yake.

Niliishia pale nilipokamata kalamu nyekundu. Haya, tuendelee.

Kwanza nisikilize: sikukusudia. Jioni ile nilikuwa na rundo la insha za watoto, nimeshasahihisha thelathini na kitu, na ile barua ilikuwa pembeni inanitazama. Mkono wa mwalimu ukishashika kalamu nyekundu hauchagui karatasi.

Nikapiga mstari chini ya sentensi ya kwanza, nikaandika: "Umeanza vizuri." Aya ya pili: "Una ushahidi gani?" Aya ya tatu, ile ya kusimama mbele ya darasa: "Hitimisho halitokani na hoja. Rudia." Nikatoa alama tisa kwa ishirini. Chini kabisa nikamalizia kama ninavyowamalizia watoto wangu wakorofi: "Unaweza kufanya vizuri zaidi. Njoo unione, na uje na mzazi."

Mume wangu, ambaye ni fundi wa majokofu na si mtu wa kucheka ovyo, aliisoma akakaa sakafuni. Mama mkwe akataka asomewe. Tukamsomea mara mbili.

"Tisa umemwonea huruma," alisema. "Mimi ningempa nne."

Nikalala nimepoa. Mpango wangu ulikuwa mzuri. Kanuni inasema rufaa lazima iambatanishwe na barua halisi ya kukataliwa, kwa hiyo nikitoka shuleni kesho yake ningepita Idarani, niwadanganye kwamba barua yangu imemwagikiwa chai, wanipe nyingine safi. Rufaa yenyewe nilishaiandika. Niliiacha juu ya meza pamoja na cheti na hiyo barua yenye alama.

Niliporudi mchana kuzichukua kabla ya kwenda Idarani, meza ilikuwa tupu.

"Mama, karatasi zangu ziko wapi?"

"Zile za rufaa? Nimeshazipeleka." Mama mkwe alikuwa anavua viatu, uso unang'aa. "Nilikuwa naenda kupima presha, nikasema kwa nini mkwe wangu ahangaike na mimi nipo? Nikazipanga kwenye bahasha, nikampa karani mkononi. Kanigongea muhuri wa kupokea, huu hapa."

"Umepeleka zote?"

"Zote, mwanangu."

"Na ile tuliyoicheka?"

"Hiyo ndiyo nimeiweka juu kabisa. Si ndiyo yenye alama? Mimi ninavyojua, karatasi yenye alama ndiyo yenye maana."

Mama wa miaka sabini na moja, mwenye presha, kapanda ngazi za ghorofa tatu kwa ajili yangu! Ningemfokea nini? Nikamwambia ahsante sana mama, nikaenda chumbani nikauma mto.

"Amefurahi mpaka amekwenda kulala," nilimsikia anamwambia mwanawe.

Alhamisi ikapita kimya. Ijumaa saa mbili asubuhi, niko kwenye foleni ya watoto nakagua kucha, simu ikaita.

"Wewe ndiye mwalimu wa tisa kwa ishirini?" Sauti ya kiume, na nyuma yake kama mtu anajizuia kucheka.

"Ndiye mimi," nilisema. Ningemkana nani?

"Hapa Idarani, karani. Unatakiwa saa nne na nusu. Amesema uje na mzazi."

"Mzazi?"

"Nimemuuliza kama ana maana ya mwalimu wako mkuu. Amesema yeyote, mradi uje naye."

Mwalimu Mkuu wetu ni mzee mfupi wa sweta la kijivu, mvua au jua. Amefundisha miaka thelathini na nne, na amebakiza miezi kumi astaafu. Ndiye aliyenipokea miaka saba iliyopita wakati shule mbili zilikwisha kunifungia mlango kwa ajili ya cheti hiki hiki. Yeye alikitazama, akakigeuza, akakitazama tena, akasema, "Darasa la nne halina mwalimu. Ingia." Hakuniuliza kitu kingine.

Nilipomweleza habari ya kalamu nyekundu, alivua miwani akaifuta muda mrefu.

"Binti yangu," alisema, "mimi nimetamani kumsahihisha yule mama tangu hujazaliwa. Twende."

Ofisi ya Bi Muhuri iko mwisho wa ukumbi mwembamba wenye benchi refu, na kwenye benchi huwa kuna watu hata siku ya mvua. Ndani kuna mafaili yamefungwa kamba mpaka darini, ubao mweusi wenye kipande cha chaki hakuna anayeuandikia, na juu ya meza kibao chenye mihuri tisa imening'inia kama vijiko vya jikoni.

Barua ilikuwa mbele yake, imeiva wekundu.

"Kaeni." Tukakaa. Karani akakaa pembeni na daftari lake la kumbukumbu. "Mwalimu, umenipa tisa."

"Mama, naomba radhi, ile barua haikuwa..."

"Sijakuomba radhi. Miaka ishirini na minane naandika barua, watu wanalia, wanatukana, wanaleta wabunge. Hakuna aliyewahi kunipa alama. Nataka kujua kumi na moja zangu zimekwenda wapi."

Nikamtazama Mkuu. Mkuu alikuwa anasoma dari.

"Halafu umeniambia nije na mzazi," Bi Muhuri aliendelea. "Mama yangu ana miaka themanini na sita, ngazi hizi haziwezi. Nimempigia simu nikamsomea. Ameniambia mwalimu kasema kweli, tangu utoto wangu nina haraka."

Karani aliingiza uso ndani ya daftari, mabega yakitikisika.

Hapo moyo wangu ukashuka mahali pake. Mtu anayempigia mama yake simu amsomee alama zake ni mtu unayeweza kusema naye.

"Saba umezipotezea aya ya tatu," nilisema. "Umeandika sijawahi kusimama mbele ya darasa, na kila Januari unaniandikia nikasimame. Nimekukata alama moja kwa kila barua."

"Na nne zilizobaki?"

"Hukuniuliza, mama. Kabla ya kunikataa, hukuniuliza hata swali moja."

Mwenyewe nilishtuka kusikia sauti yangu imetetemeka pale mwishoni, maana nilidhani nafanya utani.

Bi Muhuri alikivuta cheti changu. "Vyeti vya hapa vinaonyesha saa za mazoezi ya kufundisha. Hiki hakina hata mstari. Nikuulize basi: ulifanya mazoezi au hukufanya?"

"Mihula miwili mizima. Kwetu alama za mazoezi haziandikwi kwenye cheti. Zinaandikwa kwenye daftari la msimamizi, na daftari linabaki chuoni. Chuo kimeunganishwa na kingine, madaftari yamehamishwa. Mwaka wa tatu huu nawaandikia barua. Majibu yao ni yale yale, tunatafuta."

"Kwa hiyo ushahidi wako uko kwenye daftari lisilojulikana liliko."

"Na kwa watoto hamsini na wawili wanaojulikana waliko."

Aliangalia saa ya ukutani. Saa tano kasoro robo.

"Simama," alisema. "Fundisha."

"Hapa?"

"Ubao huo. Karani, waite walioko kwenye benchi waingie."

Wakaingia watu sita, kila mmoja na shida yake mkononi, wa mbele akiwa seremala aliyekuja na hati yake ya malipo ya madawati. Waliambiwa wakae, wakakaa: kwenye viti, kwenye dirisha, juu ya mafaili. Mkuu akajibanza nyuma karibu na mlango. Bi Muhuri alivuta kiti chake akakaa mbele kabisa, magoti pamoja, mikono mapajani.

Nilichukua fomu chakavu kwenye kapu, nikamgawia kila mtu moja.

"Leo tunajifunza sehemu. Kunja karatasi yako katikati. Kunja tena. Umepata vipande vingapi?"

"Vinne," walisema, kwa aibu kidogo, kama watoto wa siku ya kwanza.

"Kila kimoja ni moja ya nne. Sasa, bila kukunja tena, nani ataniambia: moja ya nne na moja ya nane, ipi kubwa?"

Karani alinyoosha mkono mpaka akainuka. "Moja ya nane! Nane inaizidi nne, hata mtoto anajua."

"Ndiyo maana nalipwa pungufu hapa kila mara!" alisema seremala.

Basi, darasa likavunjika. Mmoja anamuunga mkono karani, wawili wanamcheka, seremala anaeleza mbao kwa mikono yake yote miwili. Bi Muhuri hakumsikiliza yeyote. Alikuwa anakunja ya kwake kimya kimya, ulimi nje, na ghafla akasimama.

"Inapungua! Kila ukigawa zaidi, kipande kinapungua! Wewe karani, tazama, tazama!"

Karani akakataa kutazama. Kelele zikapanda. Na mimi, kwa woga na kwa kufurahi vyote pamoja, nikafanya kitu ambacho sikuwa nimekifanya kwa miaka saba.

Niliinua chaki.

Nikueleze. Chuo chetu cha ng'ambo kilikuwa na mwiko mmoja: mwalimu hapigi kelele. Darasa likichafuka, unasimama kimya na kuinua chaki juu ya kichwa, basi. Sisi wanachuo, tukiona chaki juu, tulitakiwa kukunja mikono kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia, tuinue kidevu na kuitika neno moja kwa pamoja. Tulifanya hivyo kutwa nzima kwa miaka miwili, mezani, bwenini, hata kwenye mechi. Aliyepita chuo kile utamwamsha usingizini aitike. Chuo kingine chochote hawalijui jambo hilo.

Watu wa benchi hawakujua kitu. Walinyamaza kwa mshangao tu, wanamtazama mwanamke aliyesimama kama anachomoa balbu.

Na nyuma, karibu na mlango, sauti nzito ikaitika.

"Tuko!"

Mkuu. Mikono kifuani, wa kushoto juu ya wa kulia, kidevu juu, macho mbele.

Ilikuwa nukta moja tu. Akashtuka, akaishusha mikono, akakohoa. "Tuko... tuko pamoja, Mwalimu. Endelea."

Nikaendelea, sijui kwa mdomo wa nani. Nilichora duara, nikaligawa, nikamwita karani mbele akagawe mwenyewe mpaka akakubali kwamba moja ya nane ni ndogo. Walimpigia makofi. Lakini kichwani mwangu kulikuwa na darasa lingine.

Wiki yangu ya kwanza shuleni, nilipojaribu chaki juu kwa watoto, Mkuu aliniita pembeni akanikataza. "Huku hatutumii hayo," alisema, na tangu hapo sikutumia. Wilaya nzima inaamini alisomea hapa hapa, na yeye hajawahi kumsahihisha mtu. Kumbe mzee wangu ni wa ng'ambo kama mimi! Miaka thelathini na minne ameuficha mto mzima ndani ya sweta.

Watu wa benchi walitoka wakicheka, seremala akiwa na karatasi yake ya sehemu, akisema atamwonyesha mkewe. Tukabaki wanne mezani.

"Umefundisha," Bi Muhuri alisema. "Hilo silibishi. Umri wangu huu, leo ndiyo nimeelewa sehemu." Akafungua kitabu cha kanuni mahali palipokuwa pamewekwa kipande cha uzi. "Lakini mimi siajiri kwa kufurahi. Sikiliza. Kanuni ya kumi na nne: cheti cha nje ya jimbo kitatambuliwa papo hapo iwapo yupo mtumishi wa kudumu aliyekwisha kuajiriwa kwa cheti cha chuo hicho hicho. Nilikaa nayo jana mpaka macho yakaniuma. Ndiyo njia pekee niliyoiona."

"Mtumishi mmoja tu?"

"Mmoja tu. Nipe jina, nitoe faili lake nilione, na muhuri huu hapa. Saa tano na dakika arobaini. Unamjua yeyote?"

Msomaji wangu, miaka saba niliisubiri sentensi ile. Na jina lilikuwa limekaa kushoto kwangu, linapumua.

Lakini sikujua mzee aliandika nini kwenye fomu yake miaka ile. Kama aliandika kweli akanyamaza tu, heri. Kama aliandika uongo, adhabu yake kila mwalimu anaijua: unafukuzwa hata kama umebakiza siku moja, na kiinua mgongo unakisikia kwa jirani. Miezi kumi imebaki. Mtu aliyeniambia "ingia" wakati wote wameniambia "toka."

Nilimwona mume wangu. Nilimwona mama mkwe na viatu vyake mkononi. Niliwaona wale hamsini na wawili Jumatatu asubuhi na mwalimu mwingine mbele yao, na iliniuma, sitaki kukudanganya, iliniuma sana.

"Simjui, mama," nilisema.

"Fikiri vizuri."

"Nimefikiri. Simjui mtu."

Bi Muhuri alikifunga kitabu cha kanuni. Akakirudisha cheti changu kwenye bahasha, akaisukuma upande wangu wa meza. Nikaishika. Nilikuwa nimeshaanza kuinuka.

"Mwalimu Mkuu," alisema, bila kumtazama. "Tulikuwa wanafunzi tisa humu ndani. Ilipopanda ile chaki, wanane tulishangaa. Mmoja alikunja mikono akaitika. Hilo ulifundishwa wapi?"

Nikarudi kukaa. Chini ya meza nikaupeleka mguu wangu nimkanyage mzee, anyamaze, aseme ni mzaha, aseme chochote. Nikakanyaga kwa nguvu zangu zote.

"Mama yangu!" alipiga kelele karani.

Hakuna aliyemjali. Mkuu alikuwa amevua miwani na kuilaza mezani taratibu.

"Nikijibu," alisema, "huyu binti anaajiriwa kabla ya saa sita?"

"Ukijibu, nafungua faili lako," alisema Bi Muhuri. "Likiwa lina kweli, naajiri. Likiwa lina kingine, nitafanya kazi yangu, Mwalimu Mkuu, na wewe unanijua."

"Mzee, acha," nilimwambia. "Nakuomba. Nitaomba tena mwakani."

"Mwakani umeniambia miaka mitatu mfululizo." Akacheka, kile kicheko chake cha foleni ya asubuhi kinachowafanya hata watoto waliochelewa wacheke. Kisha akamgeukia karani. "Lete faili, kijana. Nenda kwenye kabati la zamani."

Karani akainuka akachechemea hadi chumba cha pili. Tulimsikia akifungua mlango wa chuma, akipiga chafya, akivuta kamba. Saa ya ukutani ilionyesha saa sita kasoro dakika kumi na mbili.

Nami niliyekuja pale kutafuta kazi, nikafumba macho nikamwomba Mungu faili lile liwe limeliwa na panya, lote, mpaka jalada.

Sikuwahi kusema amina. Karani alikuwa mlangoni.

"Limepatikana," alisema.